Kona ya Fundi: Spesa ya kabureta inaongeza nguvu au inaongeza kelele?

Mwangaluka wasomaji. Safari hii ujumbe karibu wote ni wa kitu kimoja, spesa ya kabureta, yaani kile kipande kinachokaa katikati ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na injini, na naona hapa Tabora imeshika kasi kweli maana kila kijiwe kina mtu kachongesha ya kwake. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyapunguza, majina nimeyatoa nimebakiza mtaa.

Dereva boda, Ipuli: Shikamoo fundi. Nina pikipiki ya Kichina cc 125, napiga abiria na magunia njia ya Igalula. Kijiweni kuna jamaa kachongesha spesa ya alumini milimita 20 anasema chombo sasa kinavuta hatari. Mi nataka ya 30 kabisa, fundi wa kukereza kasema nilete tu bolti ndefu. Nifanye?

Marahaba kijana wangu. Ya 30 usifanye, na ya alumini usifanye hata ikiwa ya milimita 5.

Kwanza fungua kabureta yako uangalie vizuri. Ukilegeza zile bolti mbili za spana 10 utakuta kuna kipande cheusi kigumu kama kisahani cha bakelaiti (plastiki ngumu), kina oringi (pete ya mpira) upande mmoja na gasketi upande wa pili. Hicho tayari ni spesa, pikipiki imetoka nayo kiwandani, na haikuwekwa pale ili kabureta ipendeze. Kazi yake ni kuzuia joto. Hedi ya injini ikichemka inapita nyuzi 100, kabureta imebanwa pale pale jirani, na ndani ya bakuli la kabureta kuna petroli ambayo sehemu yake nyepesi inaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu. Sasa bakelaiti haipitishi joto kirahisi ila alumini inapitisha mara mamia zaidi, kwa hiyo ukitoa kile cheusi ukaweka chuma cheupe kinachong'aa umejenga daraja la joto kutoka kwenye hedi moja kwa moja hadi kwenye petroli. Mwezi wa 9 na wa 10 jua la Tabora unalijua mwenyewe, utabeba abiria wawili mpaka Igalula, utazima upige soga dakika kumi, ukirudi unapiga kiki mpaka mguu unauma.

Wengine watasema mbona alumini zinauzwa madukani huko Ulaya na Marekani. Zinauzwa ndiyo, watu wa mashindano wanazitumia maana gari yao inakimbia dakika chache inazimwa, na wanachotafuta wao ni nafasi ya hewa tu, habari ya joto hawana shida nayo. We unakaa juani kutwa.

Haya tuje kwenye nguvu yenyewe. Hewa ikipoa inakuwa nzito kidogo, hesabu ya haraka ni kwamba kila nyuzi 3 ukipunguza unapata kama asilimia moja ya hewa zaidi. Tuseme spesa nzuri imepunguza joto la hewa inayoingia kwa nyuzi 10 (na hapo nimekupendelea sana, hewa inapita pale haraka haipati muda wa kupashwa joto kiasi hicho), unapata asilimia 3. Injini yako ni kama hosi pawa 10 au 11. Asilimia 3 ya 10 ni 0.3. Hiyo huwezi kuisikia kiunoni, abiria akivua koti tu umepata zaidi ya hapo!

Urefu nao una mambo yake, ni kweli njia ya hewa kutoka kabureta hadi valvu ikirefuka nguvu inasogea chini kidogo, pikipiki inakuwa na mvuto ukiwa resi ndogo na inapoteza kidogo ukiwa resi kubwa, lakini milimita 20 kwenye injini ya silinda moja ni mabadiliko madogo, na ukienda 30 unaanza kupata hasara ya upande mwingine, ukivuta resi ghafla injini inasita kwanza ndo inaitika, maana umeongeza nafasi ya hewa kati ya kabureta na valvu na petroli inabaki inang'ang'ania kwenye kuta.

Sasa mbona jamaa wa kijiweni kaona tofauti? Mi naamini kaiona kweli, hadanganyi. Ila jiulize siku ile alifanya nini kingine. Kafungua kabureta, bila shaka kaisafisha, katoa oringi iliyokauka ikawa bapa, kaweka gasketi mpya pande zote. Pikipiki nyingi za boda pale kwenye kiungio zinavuta hewa ya wizi miezi na miezi, mwenye nayo keshazoea. Ukiziba ile hewa mvuto unarudi na sifa zote anachukua spesa.

Kwa hiyo anza hivi. Washa injini iache sailensi (resi ya chini kabisa), chukua maji yenye sabuni kwenye kichupa cha kupulizia, pulizia taratibu kuzunguka kile kipande cheusi. Mlio wa injini ukibadilika, ukashuka au ukasita, hewa inaingia pale. Usipulizie petroli tafadhali, naona watu wanafanya, hedi ya moto na petroli vikikutana utaitwa na zimamoto. Ukikuta inavuja, fungua, weka kioo bapa mezani, juu yake msasa namba 400, lowesha, halafu usage uso wa kabureta kwa kuizungusha kama unaandika namba nane. Baada ya mizunguko kidogo geuza uangalie, utaona katikati hapajaguswa na kwenye masikio ya bolti pameng'aa, au kinyume chake. Ndo uone uso ulivyopinda, na uliupinda wewe au fundi wako kwa kukaza zile bolti kwa hasira. Endelea mpaka pote pang'ae sawa, osha kwa petroli, puliza matundu yote, weka oringi mpya, kaza kidogo huku kidogo kule. Kisha panda uende Igalula, ukirudi ndo uniambie kama bado unataka spesa.

Ukishafanya yote hayo na bado roho inataka, basi ongeza ya bakelaiti, milimita 5 hadi 10, tundu lake lilingane kabisa na mdomo wa kabureta pasiwe na kidaraja hata cha ukucha ukipitisha kidole ndani. Bolti zirefuke kwa unene ule ule ulioongeza, maana bolti ya milimita 6 ndani ya alumini inataka ishike uzi angalau milimita 9, ikishika uzi mbili tatu siku moja itang'oka na uzi wake. Halafu angalia ule mpira unaotoka kwenye filta ya hewa, kabureta ikirudi nyuma mpira unakunjwa, unachomoka upande wa chini usioonekana, na hapo injini inakula vumbi la Uyui bila kuchujwa. Ringi haziwezi kuvumilia. Na zungusha usukani kushoto kulia injini ikiwa inaunguruma, resi ikipanda yenyewe ujue waya wa resi umebanwa.

Fundi seremala, Isevya: Habari kaka. Mi ni seremala ila napenda kuchokonoa injini. Nimesikia wazungu wanatengeneza spesa za mbao. Mi mninga ninao wa kumwaga hapa, mkavu wa miaka. Naweza kuchonga?

Salama kaka, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Ulichosikia ni kweli, spesa za mbao zipo na zinauzwa, mbao kwenye kuzuia joto iko vizuri sana. Ila zile si ubao mmoja uliokatwa na msumeno, ni tabaka nyembamba nyingi zilizopangwa, nyuzi za tabaka moja zikipishana na za tabaka jingine, zikagandishwa kwa gundi kali chini ya mgandamizo mkubwa. Petroli haipenyi ovyo na bolti ikikazwa haizami.

Mninga wako ni mbao bora, kitanda chake kinamzidi umri mwenye kitanda, lakini kipande kimoja chembamba chenye tundu kubwa katikati na matundu mawili ya bolti pembeni kitapasuka kufuata nyuzi, tena kitapasukia pale pembamba kati ya tundu kubwa na tundu la bolti. Hata kisipopasuka, mbao inasinyaa na kuvimba na masika na kiangazi, bolti inalegea yenyewe. Kama ni kujaribu tu kwenye jenereta bovu nyumbani, chonga, gundisha tabaka tano sita kwa ile gundi ya kuchanganya vichupa viwili, uloweke kwenye petroli wiki nzima kabla hujaifunga uone kama inalainika. Kwenye pikipiki ya mtu anayetafuta riziki usiifunge.

Mwenye Land Cruiser ya zamani, Cheyo: Mkubwa habari za kazi. Nina Land Cruiser ya petroli injini 2F. Asubuhi inawaka vizuri tu, ila nikitoka mjini mpaka Sikonge nikasimama kunywa chai, kurudi haiwaki, harufu ya petroli imejaa. Baada ya nusu saa inawaka yenyewe. Fundi mmoja kasema kabureta imekufa ninunue mpya, mwingine kasema niweke spesa nene. Nani mkweli?

Nzuri mkuu. Huyo wa pili yuko karibu na ukweli ingawa naye kakimbilia unene. Injini za F zina ubaya mmoja wa kuzaliwa, manifoldi (mabomba yaliyoungana na hedi) ya kuingiza hewa na ya moshi ziko upande mmoja, tena ya hewa imekalia ya moshi, kwa hiyo kabureta yako iko juu ya jiko. Gari ikitembea feni inapuliza na petroli mpya ya baridi inaingia muda wote, mambo yanaenda. Ukizima, feni imesimama, maji hayazunguki, joto lote linapanda juu, petroli kwenye bakuli inachemka inamwagikia ndani ya manifoldi. Ndo hiyo harufu. Injini imejaa petroli, haikosi petroli.

Toyota wenyewe walilijua hili, ndo maana chini ya kabureta waliweka kipande kinene cha bakelaiti na bati la kukinga joto, na baadhi ya 2F za miaka ya mwisho zilikuja hadi na kifeni cha kupoza kabureta baada ya kuzima. Sasa fungua boneti utazame. Nakuhakikishia moja ya hivyo vitu haipo. Mara nyingi fundi alipofungua kabureta bakelaiti ilikuwa na ufa, akaitupa akakata gasketi ya karatasi ya boksi akafunga, bati la kukinga naye akaona linamzuia mkono akalitupa pia. Tafuta bakelaiti ya unene ule ule wa mwanzo, gasketi pande zote mbili, rudisha bati. Usiongeze unene, ukiongeza fimbo za resi hazitakaa sawa na kabureta itainama.

Angalia pia bomba dogo la kurudisha petroli kwenye tenki kama halijaziba, na bomba la petroli kama halijaegeshwa kwenye ekzosti. Na wakati unasubiri spea, ikigoma kuwaka Sikonge usipige-pige resi, kila ukikanyaga unaongeza petroli kwenye mafuriko. Kanyaga resi mpaka chini, shikilia hapo hapo, piga staa, hewa iingie nyingi iifukuze ile petroli. Itatoa moshi mweusi, usiogope. Kile kitambaa kibichi wanachofungaga madereva kwenye pampu kinasaidia pale petroli inapogeuka mvuke kwenye bomba na kabureta ikakauka, ugonjwa wako ni mwingine.

Kabureta mpya usinunue.

Mama wa bustani, Kiloleni: Fundi, pampu yangu ya kumwagilia (ile injini nyekundu ndogo ya petroli) niliipeleka kusafishwa kabureta, imerudi inaunguruma kwa kupanda na kushuka, wuuu wuuu, kama inapumua. Fundi anasema nizoee.

Usizoee dada yangu, mrudishie. Kwenye injini za aina hiyo, za mtindo wa Honda GX160, mpangilio kutoka kwenye hedi ni gasketi, kipande cha plastiki nyeusi, gasketi nyingine, kabureta, gasketi ya tatu, halafu filta ya hewa. Gasketi hizo hazifanani, matundu yake yanatofautiana, na ile plastiki ina uso wake wa mbele na wa nyuma. Akizikosea mpangilio, akigeuza plastiki, au akiacha moja mkononi, injini inavuta hewa ya ziada, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, gavana (kile kifaa cha kuratibu resi) inajaribu kuiokoa kwa kufungua resi halafu inafunga, ndo huo mlio. Kama katumia silikoni ile ya bomba mwambie aikwangue yote. Silikoni ya kawaida haipatani na petroli, inavimba inakatika vipande, nimetoa vipande vyekundu kwenye jeti ndogo (vile vitundu vya kupitishia petroli) za watu wengi sana, kipande kidogo kuliko punje ya mtama na injini nzima imelala. Kuna pia uwezekano hakuzibua hiyo jeti ndogo vizuri, kwa hiyo akifungua afanye vyote kwa mkupuo.

Mwanafunzi wa ufundi magari, Chemchem: Shikamoo mwalimu. Nimeona kwenye video spesa za V8 (injini za silinda nane) za Kimarekani, nyingine ina matundu manne, nyingine tundu moja kubwa. Tofauti nini?

Marahaba. Kabureta za V8 hizo zina midomo minne, Holley ndo jina utakalolisikia sana. Ile ya matundu manne inaendeleza kila mdomo peke yake kwa sentimita mbili na nusu hivi zaidi, hewa inabaki na mwendo, injini inaitika vizuri resi ya chini na ya kati. Ile ya tundu moja inaongeza chumba cha hewa chini ya kabureta na kuupa mkondo nafasi ya kugeuka taratibu kuingia kwenye njia za silinda, faida yake inaonekana resi ikiwa juu sana. Ipi inafaa inategemea na manifoldi iliyo chini yake, wenzetu wanafunga zote mbili kwa zamu kwenye mashine ya kupima nguvu ndo wanaamua, hawabahatishi. Na faida yenyewe kwenye injini ya hosi pawa 350 ni tano, kumi hivi ikipendeza. Pigia hesabu ya boda ya Ipuli hapo juu.

Na nikuongezee uhondo. Kipande cha kuweka chini ya kabureta kinaweza kupunguza nguvu vile vile, tena kwa makusudi. Mwaka 1987 pale Talladega Marekani gari la dereva wa mashindano Bobby Allison lilipasuka tairi likaruka likararua uzio wa watazamaji, basi kuanzia 1988 NASCAR, wasimamizi wa mbio hizo za magari, wakalazimisha bati lenye matundu madogo chini ya kabureta kwenye viwanja vya Daytona na Talladega ili magari yapungue mwendo. Bati lile limetumika mpaka mbio za Daytona 500 za 2019, baada ya hapo wakahamia kwenye spesa yenye matundu yanayosinyaa. Kwa hiyo mtu akikuchongea spesa yenye tundu dogo kuliko mdomo wa kabureta, amekufungia breki ya NASCAR bila yeye kujua.

Dereva, Kanyenye: Pikipiki yangu ni ya injeksheni, spesa itasaidia?

Hapana. Petroli inapulizwa kwa presha karibu na valvu, haikai kwenye bakuli ichemke. Pesa hiyo nunua tairi.

Dereva boda, Ng'ambo: Mi sitaki nguvu, nataka inywe kidogo. Pikipiki niliinunua mkononi kwa mtu wa Dar, plagi inakuwa nyeusi tii kila mara. Spesa itapunguza ulaji?

Spesa haipunguzi ulaji, ila wewe umeniambia ugonjwa mwenyewe bila kujua. Dar iko usawa wa bahari, Tabora tuko kama mita 1,200 juu, hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina petroli ile ile ya Dar, hewa haitoshi kuichoma, plagi inakuwa na masizi. Kwanza hakikisha filta ni safi na choki inarudi mpaka mwisho, hiyo choki iliyokwama nusu inawamaliza wengi. Kisha fungua kifuniko cha juu cha kabureta, utatoa sindano yenye mifereji midogo na klipu. Klipu ikiwa mfereji wa katikati ipandishe mfereji mmoja juu, sindano itashuka na petroli itapungua. Weka plagi safi, tembea mwendo wa kawaida mpaka kama Itetemia na kurudi, zima, toa plagi uitazame. Ikiwa rangi ya udongo wa kahawia, acha hapo hapo usiguse tena. Ikiwa bado nyeusi, shuka namba moja ya jeti kubwa. Ikiwa nyeupe kama chokaa rudisha klipu haraka maana hapo injini inaungua, na siku ukiuza pikipiki kwa mtu wa Dar mwambie airudishe klipu ilikokuwa.